Kuchagua SUV ndogo au ya kati kwa bajeti ya kubana: anza na hela utakayobakiza

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila wiki napata ujumbe wenye swali lile lile: "Mkuu, nina kiasi fulani, nichukue Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V au Subaru Forester?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niweke jibu lote hapa, kila mtu asome, na wenye uzoefu wanisahihishe.

Jibu langu linaanza mbali na majina ya magari. Chukulia hela yako yote ni 100: tafuta gari la 80. Ile 20 usiiguse siku ya kununua, hata dalali akikuonyesha gari safi namna gani la 95. Nasema haya kwa uchungu. SUV yangu ya kwanza niliinunua kwa hela yote niliyokuwa nayo, nikabakiza ya mafuta ya kuifikisha nyumbani. Mwezi wa nne giaboksi ikaanza kusitasita kila nikiweka D asubuhi. Mwezi wa tano ikagoma kabisa. Fundi alipoifungua, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Ningeibadilisha wiki ya kwanza, huenda leo ningekuwa bado naliendesha. Lilikaa miezi 7 limefunikwa turubai na mimi nasubiri basi kituoni. Aina yake siitaji, kwa sababu hata lingekuwa la kampuni nyingine, nisingekuwa na hela ya kulihudumia.

Gari lililotumika likifika mikononi mwako, chukulia kwamba hakuna kilichobadilishwa. Oili ya injini na filta, oili ya giaboksi, maji ya rejeta, oili ya breki, plagi, pedi, na mara nyingi tairi. Kama injini inatumia mkanda wa taiming (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) badala ya cheni, ongeza mkanda pamoja na pampu ya maji, maana fundi akishafungua pale kazi ni ile ile. Mkanda ukikatika ukiwa barabarani, kwenye injini nyingi valvu zinagonga pistoni, na hapo unanunua injini. Ile 20 kazi yake ndiyo hiyo.

La pili ni 4WD, yaani injini kuzungusha tairi zote nne. Watu wengi wanaolipia 4WD hawaihitaji. Wanachohitaji ni uvungu (nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi) na tairi nzuri. 4WD inaleta propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), difu ya nyuma (inayogawa nguvu hiyo kwa tairi), oili zake, bushi zake, uzito, na mafuta zaidi kila siku ya mwaka, hata siku ambazo huoni tope. Kama njia yako ni lami na kipande cha vumbi chenye mashimo, SUV ya kuvuta tairi mbili yenye uvungu wa sentimita 18 hadi 20 inatosha kabisa, na mara nyingi unaipata ya mwaka wa karibu zaidi kwa hela ile ile.

Sasa majina, kwa kifupi, kama ninavyoyafahamu.

RAV4 ya kizazi cha pili (2000 hadi 2005) na cha tatu (kuanzia mwishoni mwa 2005): spea zipo kila mahali na mafundi wanaijua kwa moyo, ndiyo maana bei yake haishuki. Angalia injini. Zile 1AZ-FSE, wenyewe tunaziita D4, zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo mafuta hayaoshi valvu za kuingizia hewa na masizi hujazana humo. Ukipata 1AZ-FE ya kawaida, ichukue hiyo. 2AZ-FE ya lita 2.4 ina nguvu nzuri, ila za RAV4 za 2006 hadi 2008 zimejulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) mwenyewe, usiambiwe.

CR-V kuanzia kizazi cha pili (2001) inatumia cheni. Ile ya kwanza ni mkanda. Nafasi ya ndani ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa nje. Ukikata kona kali polepole ukasikia mgugumo nyuma, mara nyingi ni oili ya difu iliyochoka, na inataka oili yake maalumu, si yoyote iliyopo kwenye kopo.

Forester ina uvungu wa karibu sentimita 22 kwa zile za 2008 na kuendelea, na kwenye utelezi inatulia. Lakini injini za zamani za EJ zinatumia mkanda, na EJ25 ina historia ya kuvuja kwenye gasketi za silinda hedi. Zisizo na turbo kuanzia 2011 zina injini ya FB, yenye cheni. Kama fundi wako hajawahi kufungua Subaru, fikiri mara mbili.

X-Trail ina buti kubwa na viti vizuri, na bei yake inavutia. Kizazi cha T30 (2000 hadi 2007) na cha T31 kilichofuata vinatofautiana sana kwenye giaboksi, nyingi za T31 ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kawaida. Hapo nawaachia mafundi waseme.

Mazda CX-5 (2012) inakuja na otomatiki ya kawaida ya gia 6, na mimi naipenda kwa hilo. Ya dizeli usiichukue kama safari zako ni fupi fupi, filta yake ya masizi inataka mwendo mrefu ili ijisafishe.

Karibuni.

Lita Kumi

Asante sana mkuu kwa bandiko. Mimi kinachonitisha ni wese. Nimeona 2.0 na 2.4 za mwaka mmoja, bei karibu sawa. Tofauti ya mafuta ni kubwa kiasi cha kuhangaikia?

Gia ya Tatu

Lita Kumi, piga hesabu kwa mwendo wako mwenyewe. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 litatumia lita 120. Linalokunywa 11 litatumia 165. Ni lita 45 kila mwezi, 540 kwa mwaka. Zizidishe kwa bei ya pampu unakojaza, halafu jiulize kama ile 2.4 ina kitu cha kukufidia. Ukitembea kilomita 400 tu kwa mwezi, tofauti inashuka hadi lita 12, na hapo chagua gari lililotunzwa vizuri zaidi, usiangalie ukubwa wa injini.

Na usiamini namba za kwenye karatasi za kiwandani. Foleni na AC vinazipandisha. Jaza tanki hadi pampu ikate, andika kilomita, tembea, jaza tena pampu ileile ikate. Lita ulizoongeza gawanya kwa kilomita, zidisha mara 100. Hiyo ndiyo namba yako.

Kipande cha Spana

Mleta uzi umetutaja mafundi, basi nijibu la CVT.

CVT haina gia za meno kama otomatiki ya kawaida. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na puli zinapanuka na kujibana ili kubadilisha mwendo. Ikitunzwa, inakwenda laini na inaokoa mafuta. Adui zake ni joto na oili isiyo yake. X-Trail ya T31 inataka oili ya NS-2, T32 iliyofuata inataka NS-3. Nimepokea magari yaliyowekewa ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida na mtu aliyetaka kupunguza gharama, na kufikia hapo hakuna cha kuokoa. Vitabu vingine vinaandika oili ni ya maisha yote ya gari. Mimi nasema kila kilomita 60,000 mwaga, na kama unavuta mzigo au unaishi kwenye foleni na joto, wahi zaidi.

Kuipima usizunguke mtaa mmoja ukarudi. Endesha nusu saa, ipate moto, halafu tafuta mlima. Kanyaga taratibu. Ikitetemeka kama inapita kwenye matuta madogo madogo, au mshale wa RPM ukapanda na gari lisiongeze mwendo, au ukasikia mluzi unaopanda na kushuka kulingana na spidi, shuka, mrudishie mwenye gari funguo yake.

Na jambo ambalo nawaomba mlishike: njoo kulikagua gari likiwa la baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini ya moto inaficha mengi. Ikiwashwa baridi, sikiliza sekunde 5 za kwanza. Mlio wa cheni unaokwaruza kisha kunyamaza, moshi wa bluu mara moja kisha kupotea, silinda moja kutoshika, vyote hivyo vinasikika au kuonekana pale tu.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Narudia, kabla ya kuwasha, likiwa la moto yale maji yatakuunguza uso. Maji yawe na rangi yake na yasiwe na utando wa mafuta juu. Kisha fungua mfuniko wa oili uugeuze. Ute wa rangi ya maziwa chini yake unaweza kuwa unyevu tu kwa gari la safari fupi, lakini ukiukuta ute huo na maji ya rejeta yamepungua, gasketi imekwisha.

Kingine, kipimo cha mashine inayosoma kompyuta ya gari. Taa ya injini kutokuwaka si ushahidi wa uzima. Muuzaji anaweza kufuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi ile ile. Mashine nzuri inaonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Ukikuta vingi "havijawa tayari", kuna mtu kafuta kumbukumbu au katoa betri hivi karibuni. Muulize kwa nini.

Barabara Vumbi

Naheshimu mleta uzi ila la 4WD sikubali moja kwa moja. Mimi miezi 4 ya mwaka njia ya kwangu ni tope la kunata, na kuna kilima ambacho gari la tairi mbili halipandi hata ulifunge tairi mpya. Mwambie mtu kama mimi achukue tairi mbili, atalala njiani.

Gia ya Tatu

Barabara Vumbi, uko sahihi, na kwa hali yako nabadilisha jibu. Tena nakwambia hata hizi 4WD nyingi za RAV4 na CR-V hazikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. CR-V, na RAV4 kuanzia kizazi cha tatu, zinavuta mbele, nyuma zinaamka tairi za mbele zikianza kuteleza. Kwa utelezi wa kawaida sawa. Kwa tope la kunata na kilima, tafuta Suzuki Grand Vitara ya kuanzia 2005, ile ya milango 5 yenye swichi ya 4H, 4H Lock na 4L. Ina gia nzito ya kweli na difu ya kati inafungwa. Ndani ni ndogo kuliko X-Trail na wese inakunywa, lakini itakufikisha. Hakikisha tu hiyo swichi unaijaribu. Watu hununua, hawaigusi miaka 3, siku wanayoihitaji taa inawaka na haiingii.

Ila wenzangu wa 4WD, tairi! Hili halisemwi vya kutosha. Kwenye gari linalozungusha tairi zote nne, tairi moja mpya na tatu zilizolika haziendi pamoja. Mpya ni kubwa kidogo, inazunguka mara chache kuliko wenzake, na ile tofauti inaliwa na difu au kiunganishi cha kati kila kilomita. Subaru wanataka mizunguko ya nje ya tairi isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Kwa hiyo ukikuta Forester yenye tairi za aina tatu tofauti, tayari umejua alivyokuwa akilitunza. Na ubavuni mwa tairi soma zile tarakimu 4 za mwisho baada ya neno DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata (michoro ya kukanyagia) nzuri na bado imezeeka, ina nyufa ndogo ubavuni kama udongo uliokauka.

Rimu kubwa pia zinagharimu. Tairi ya saizi 225/65R17 (rimu ya inchi 17) inapatikana kirahisi na ina ubavu mnene wa kupokea mashimo. Ukipanda hadi inchi 19 unalipa zaidi kwa tairi nyembamba zaidi.

Kiti cha Ngozi

Mbona hamtaji za Ulaya? Nimeona VW Tiguan na BMW X1 kwa bei ya RAV4 iliyozeeka kuliko zenyewe. Ndani ni dunia nyingine.

Kipande cha Spana

Ndani ni pazuri kweli, sikatai, na kwenye barabara kuu zinatulia. Shida ni kwamba bei ya kununua inashuka haraka na bei ya spea haishuki nayo. Tiguan za mwanzo zenye injini ya petroli ya TSI zina historia ya kikaza cheni cha taiming kulegea. X1 za mwanzo za dizeli zenye injini ya N47, cheni iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuifikia ni kushusha injini au giaboksi. Kama unaye fundi anayezijua na kwa kila 100 umebakiza 40, chukua. Kama umebakiza 10, nakuomba usichukue.

Mama Wawili

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma yote. Mimi nina watoto wawili na naishi na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua. Nataka gari ambalo hatainama kuingia wala kujivuta kupanda. Njia zangu ni lami, kilomita kama 900 kwa mwezi. Nifikirie za viti 7?

Gia ya Tatu

Dada, shikamoo yake mama. Viti 7 kwenye SUV za ukubwa huu, kama Toyota Vanguard au Mitsubishi Outlander, safu ya tatu ni ya watoto kwa safari fupi, na ukiifungua buti linakwisha. Kwa watu wanne usilipie. Kwa magoti ya mama, nenda naye. Akae, ashuke, akae tena, mara tatu. Kiti kinachofika usawa wa nyonga yake akiwa amesimama ndicho chake, na hilo huwezi kulijua kwa picha. CR-V ya kizazi cha tatu ya tairi mbili, lita 2.0, ningeiweka ya kwanza kwako. Milango ya nyuma inafunguka upana mzuri, sakafu iko tambarare. Kwa watoto angalia vishikio vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto, pitisha vidole kati ya mgongo wa kiti na kikalio utavigusa.

Na kwako na kwa wote: mifuko ya hewa (airbag) iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Wito wa kurudisha magari yabadilishiwe mifuko hii ni mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Kemikali inayopuliza mfuko inaharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na siku ya ajali mfuko unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Honda, Toyota, Nissan, Subaru, Mazda, BMW, wote wamo, na CR-V za zamani zimo. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa. Ukaguzi ni bure. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17, lina msimbo wa modeli, kistari na namba, hivyo tumia ukurasa wa Japani. Tafadhali msiliruke hili.

Mama Wawili

Narudi na mrejesho, wiki tatu sasa.

Gari la kwanza nilifika saa moja asubuhi, boneti ya moto. Muuzaji akasema alilisogeza tu. Nikarudi kesho yake bila kumwambia saa. Nikavuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho kabisa kama nilivyosoma mahali. Sehemu ya juu safi, ile inayobaki ndani ilikuwa na mstari wa kahawia na vumbi laini la udongo. Nikainua kapeti la buti, kwenye shimo la tairi ya akiba bolti zimeota kutu. Maji yalishaingia humo. Odometa inasema kilomita 68,000, pedali ya breki mpira umelika mpaka chuma kinaonekana. Nikamshukuru nikaondoka.

La pili ni CR-V ya 2008, tairi mbili. Rangi imepauka kwenye paa na kuna mkwaruzo mlangoni. Lakini mwenyewe ana daftari la huduma, kila oili imeandikwa tarehe na kilomita kwa mkono wake. Liliwaka baridi bila kelele. Mama alikaa mara tatu, mara ya tatu akakataa kushuka. Namba ya chesisi nimeingiza, mfuko wa dereva ulishabadilishwa. Nimelipa 78 ya zile 100 zangu.

Kipande cha Spana

Hongera sana dada. Paa lililopauka halizimi gari. Oili ya giaboksi imeandikwa mara ya mwisho lini kwenye hilo daftari?

Mama Wawili

Kilomita 31,000 zilizopita. Jumamosi naipeleka, pamoja na maji ya rejeta na oili ya breki. Tairi za nyuma zinasoma 1116, nazo naziondoa.

Gia ya Tatu

Ukifunga mpya mbili, zifungwe nyuma, nzuri zilizopo zikae mbele. Kwenye maji ya mvua ni nyuma inayokimbia kwanza, na ikikimbia huirudishi. Utuambie fundi atakachokuta.